Ukihamia Baray, Kitunguu Kisubiri

Serikali ya Kanada huwachapishia wahamiaji kijitabu cha kuwaelekeza: kadi ya matibabu inapatikana wapi, mtoto anaandikishwaje shule, majira ya baridi yanataka nguo gani. Familia inayohamia Baray, huku bonde la Ziwa Eyasi wilayani Karatu, hupewa namba ya simu ya dalali wa mashamba, basi. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya baba na mama waliokwisha kuamua kushuka bondeni na watoto, wawe wanatoka Mbulu, Singida, Same au Karatu mjini penyewe, na mzigo wao uko njiani au unakaribia kupakiwa.

Kinachowaleta wengi kinajulikana. Bonde la Ziwa Eyasi lina chemchemi na mito inayoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, kwa hiyo watu hulima kwa mifereji hata mvua ikikataa, na wanacholima ni kitunguu. Sokoni huitwa kitunguu cha Mang'ola, hata kama kimetoka Baray. Sina ugomvi na kitunguu. Ugomvi wangu ni na ile desturi ya baba kushuka kwenye gari saa kumi jioni, kumwachia mama magodoro na watoto uani, kisha kupanda boda kwenda kuoneshwa shamba kabla giza halijaingia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huku jembe utapewa hata siku ya kwanza. Likatae.

Unaweza kulikataa bila hasara, kwa sababu kitunguu hakiendi shambani moja kwa moja. Mbegu hukaa kitaluni wiki 6 hadi 8 kabla miche haijahamishiwa kwenye majaruba, na kitalu cha heka moja ni kipande kidogo tu cha ardhi. Wiki hizo ndizo za kuijenga nyumba. Anayezitumia kukimbizana na madalali huja kuvuna akiwa na mtoto aliyepoteza muhula mzima na mke aliyeugua mara mbili.

Kabla ya kupakia

Hama Desemba au Juni, shule zikiwa zimefungwa, ili watoto waingie darasani Januari au Julai pamoja na wenzao. Ukiweza kuchagua, epuka masika. Kutoka Karatu mjini hadi bondeni ni takriban kilomita 50, na kuna makorongo ambayo hukaa makavu miezi mingi, kisha yakajaa ndani ya saa moja kwa mvua iliyonyesha milimani ambayo wewe huku chini hukuiona wala kuisikia. Dereva akisema tusubiri maji yapungue, subirini. Asiyetaka kusubiri ashuke yeye, mzigo ubaki.

Karatasi ziwe kwenye mfuko mmoja wa plastiki unaoubeba mwenyewe, usiukabidhi kwa utingo. Weka humo barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji unakotoka, vitambulisho vya NIDA au angalau namba zake, vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki za watoto wadogo. Kwa walio shule, chukua barua ya uhamisho yenye namba ya kila mtoto kwenye PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi. Mwalimu mkuu wa huko utokako ndiye anayeanzisha uhamisho kwenye mfumo, na ukishaondoka bila kuukamilisha utakuwa unampigia simu kila wiki, naye ana shule ya kuendesha. Elimu ya msingi haina ada, lakini hiyo haimfanyi mtoto asiye kwenye mfumo aonekane kwenye mfumo.

Katika vyombo, punguza makoti na mablanketi mazito. Karatu mjini ni takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ziwa liko mita 1,030 hivi, na tofauti hiyo utaisikia mwilini usiku wa kwanza. Badala ya mablanketi beba vyandarua, kimoja kwa kila godoro, madumu ya kutosha na diaba moja kubwa lenye mfuniko.

Nyumba na usiku wa kwanza

Fikeni mchana. Nyumba ya kupanga inayooneshwa kwa tochi ni nyumba yenye kasoro. Angalia mfereji uko umbali gani: ukiwa karibu mno utafurahia kumwagilia mboga, lakini mbu watakuwa wengi, na mtoto anayejifunza kutembea hatakiwi kuwa na mfereji mlangoni. Angalia ukuta kwa chini. Alama ya matope iliyokwenda sawasawa kuzunguka nyumba inaonesha maji ya mafuriko yalifika wapi. Muulize jirani, usimuulize mwenye nyumba. Choo kiwe na mlango na kiwe mbali na mahali pa kuhifadhia maji. Nikishaona hayo, rangi na dari sishughuliki nazo.

Kitu cha kwanza kufunguliwa kwenye mzigo kiwe vyandarua, kabla hata ya sufuria. Vyumba vingi vya kupanga havina ndoano, kwa hiyo beba misumari na kamba ya katani. Piga misumari minne kwenye mbao za paa, au funga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, tundika pembe nne, kisha ingiza chini ya godoro kingo zote wakati bado kuna mwanga. Mama wa Mbulu aliyekulia kwenye baridi atakuambia hakuna mbu. Saa mbili usiku atabadili kauli.

Ofisi ya kijiji

Siku ya pili, kabla ya dalali, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nenda na mwenzako, msalimie kama unavyomsalimia mzee wa kwenu hata akiwa kijana kuliko wewe, mpe barua ya utambulisho, umwambie mko wangapi, mnatoka wapi na mmekuja kufanya nini. Yeye ndiye atakayekupeleka kwa mtendaji wa kijiji ili muandikwe kwenye rejesta ya wakazi. Uliza michango iliyopo, hasa ya chakula cha shuleni, na ukilipa upewe risiti. Uliza pia mkutano mkuu wa kijiji ni lini. Kisheria hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe. Nendeni wote wawili mkakae, hata kama mkutano wa kwanza hamtasema neno. Pale ndipo utakapojua nani ana kesi ya mpaka na nani, mfereji upi unagombaniwa, na yule dalali wa kwenye simu yako anasemwaje na watu wa kwao.

Maji ya kunywa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wageni wengi hupakosea bila kujua, na kosa lake huonekana baada ya miaka, kwenye meno ya mtoto.

Maji ya ukanda huu wa Bonde la Ufa hupita kwenye miamba ya volkano na kubeba floridi. Hayana rangi, hayanuki, na mengine ni matamu kuliko ya bomba la mjini. Shirika la Afya Duniani linataka floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4 kwa miaka mingi kabla ya kushuka kwenye kiwango hicho, maana vyanzo vingi vya kaskazini vilikuwa juu mno. Matokeo tunayaona usoni pa watu kila siku Arusha na Kilimanjaro: meno ya kahawia yenye madoa, ambayo mswaki hauyagusi. Floridi ikizidi kwa miaka mingi, hata mifupa hupinda.

Mtoto aliye chini ya miaka 8 ndiye wa kumlinda zaidi, kwani meno yake ya ukubwani yanajengwa wakati huo ndani ya ufizi. Mkubwa aliyehamia na meno yake meupe atabaki nayo. Kwa hiyo usijiangalie wewe kwenye kioo ukasema maji hayana neno. Waangalie watoto wa darasa la tatu na la nne waliozaliwa hapo hapo na kunywa chanzo hicho hicho. Meno yao yatakupa dokezo kabla ya maabara.

Tena hapa kuna mtego. Ukichemsha maji unaua vijidudu, lakini floridi haiondoki. Mvuke unapotoka maji hupungua na floridi inabaki yote, kwa hiyo sufuria iliyochemka sana ina floridi kali kuliko ndoo iliyotoka kisimani. Usiache kuchemsha, kwani kuhara humuua mtoto haraka kuliko floridi inavyomharibu meno. Zima tu moto baada ya maji kuchemka vizuri, usiyaache yakakaukia jikoni.

La kufanya ni hili. Vyanzo havifanani: kisima kimoja kinaweza kuwa salama na kingine umbali wa kutembea kidogo kikawa kibaya. Nenda kwenye jumuiya ya watumia maji inayosimamia bomba au kisima cha kijiji, uulize majibu ya vipimo. Kama hawana, RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza 2019, una ofisi ya wilaya Karatu. Peleka swali kupitia kijiji. Maji ya mvua karibu hayana floridi kabisa, kwa hiyo mfereji wa bati na tangi, hata dogo, ni mali kuliko redio. Yaweke kwa ajili ya kunywa na kupikia uji wa wadogo tu, kwenye dumu lililofungwa kitambaa au uzi wa rangi yake ili lisichanganywe. Ya kuoga na kufulia yatoke popote. Wenye uwezo wa kununua chujio waulize la mkaa wa mifupa, ambalo kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arumeru, kimelishughulikia kwa miaka mingi.

Na magadi. Najua makande bila magadi huchukua kuni nyingi, na najua utakachoambiwa na mama mkwe. Lakini magadi ya maziwa ya Bonde la Ufa yana floridi nyingi, na kumwekea mtoto wa miaka mitatu kila siku ni kumwongezea kile unachomkwepesha kwenye maji. Loweka mahindi na maharage usiku kucha, au mpikie mdogo chake kando.

Maji ya mfereji ni ya kitunguu. Watoto wasiyanywe, wasiogelee humo, kwani konokono wa kichocho hupenda mifereji inayokwenda polepole. Wewe utakayeingia kumwagilia vaa mabuti. Tena usichotee maji kwa chombo kilichokuwa na dawa ya kupulizia, hata ukikiosha mara kumi. Makopo yale yanavutia kwa kuwa yana mifuniko mizuri, na utayaona kwa majirani. Yatoboe uyaondoe nyumbani.

Homa ya wiki ya pili

Wanaotoka nyanda za juu hawajazoea malaria kama wenyeji. Vimelea hukaa mwilini siku 7 hadi 14, pengine zaidi, kabla homa haijaanza, ndiyo maana familia hupita wiki ya kwanza vizuri, ikaamini imezoea, kisha wiki ya pili watu wawili wanalala. Homa yoyote, ya mtu yeyote, ni zahanati siku hiyo hiyo mkapime. Kipimo cha haraka hutoa majibu ndani ya nusu saa. Dawa mseto inywewe siku zote 3 pamoja na chakula, hata kama mgonjwa ameanza kukimbia uani kesho yake. Usimpe mtoto nusu ukaweka nusu akiba. Mama mjamzito aanze kliniki wiki ya kwanza, asingoje tumbo lionekane. Mtoto anayetetemeka, anayetapika kila kitu au anayeshindwa kuamka hapewi kidonge nyumbani. Atolewe, na ikibidi apandishwe Karatu, ambako kuna Hospitali ya Kilutheri na ile ya FAME. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuwekeza shilingi shambani, tenga nauli ya gari la usiku na uwe na namba za madereva wawili. Mmoja atakuwa amezima simu.

Shule

Wapeleke mwenyewe siku ya kwanza, uonane na mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa. Darasani ni Kiswahili. Uwanjani mtoto atasikia Kiiraqw, Kidatoga na vingine, na baada ya miezi michache atakuwa anakutafsiria. Msimu wa kuvuna kutakuwa na kishawishi cha kumtoa akakate majani ya vitunguu kwa siku moja mbili. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, tena isiyoingilia masomo. Wa darasa la nne hahusiki.

Mliowakuta

Bonde hili limepokea wageni muda mrefu. Wairaqw walishuka kutoka Mbulu, Waisanzu na Wanyiramba walitoka upande wa Singida, wakaja Wapare na Wachaga na kitunguu kikazidi. Katika miaka ya 1930 hata daktari Mjerumani, Ludwig Kohl-Larsen, alipiga kambi kando ya ziwa akichimba mafuvu ya kale. Lakini kuna waliokuwapo kabla ya wote, na namna unavyowachukulia wiki ya kwanza itakufuata.

Wahadzabe, ambao ni kati ya watu 1,000 na 1,500 hivi, huishi kwa mawindo, asali, ubuyu na mizizi. Pori ambalo dalali anakuambia halina mtu ndilo ghala lao. Mwaka 2011 wenzao wa Yaeda Chini, wilayani Mbulu, walipata hati ya pamoja ya ardhi yao, na hiyo ikupe picha ya jinsi jambo hili lilivyo zito. Usichome mkaa wala kufyeka kipande eti hakijalimwa. Uliza kijijini kwanza, tena uliza zaidi ya mtu mmoja.

Wadatoga ni wafugaji, na ng'ombe wao wana njia za kwenda majini zilizokuwapo kabla ya mfereji wako. Ukikodi shamba lililokatiza njia ya mifugo, hutakesha kwa sababu ya wezi, utakesha kwa sababu ya kwato, na kwenye baraza la usuluhishi utakuta wazee wote wanaijua njia hiyo isipokuwa wewe. Tembea na mzee mmoja akuoneshe. Na waiteni watu majina yao wenyewe: Wadatoga, si Wamang'ati, Wahadzabe, si Watindiga. Watoto wenu watarudia wanachokisikia mezani.

Sasa shamba

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeweka ardhi ya kijiji chini ya usimamizi wa halmashauri ya kijiji, kwa hiyo makubaliano ya wewe na dalali kando ya barabara hayana miguu. Kodi, usinunue, msimu wa kwanza. Mkataba uandikwe, usomwe kwa sauti, usainiwe na mwenye shamba pamoja na mkewe mbele ya mtendaji na mashahidi wa pande zote mbili. Uandike mipaka kwa alama zinazoonekana, na uandike zamu ya maji: siku gani, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, kutoka mfereji upi. Heka mbili zinazofanana kwa udongo hutofautiana kabisa kwa maji, ya mwanzo wa mfereji ikashiba na ya mkiani ikapata matope. Usichukue maneno ya mtu. Nenda usiku wa zamu hiyo na tochi, usimame pale, uone maji yanafika au hayafiki. Kamati ya maji itakupa taratibu na ada zake. Lipa, hudhuria siku ya kusafisha mfereji na jembe lako mwenyewe, usitume kibarua mara ya kwanza.

Mambo ya magunia na lumbesa, yale yanayojazwa kupita kiasi siku ya kuuza, yana wakati wake, ila jizoeze mapema kuuliza mizani iko wapi.

Na jihadhari na mnunuzi mkarimu anayejitokeza mwezi wa kwanza na mbegu, mbolea na dawa za mkopo. Huyo ndiye atakayekuja kupanga bei siku ya kuvuna, na utakuwa huna mahali pengine pa kuuza. Msimu wa kwanza lima heka moja kwa fedha yako mwenyewe. Ya pili ingoje hadi uijue zamu yako ya maji, watoto wawe wameshasoma muhula mmoja kamili, na nauli ya gari la usiku iwe bado ipo mahali ulipoiweka.